Sarafu Ambayo Fundi Hakiki Hakuipima

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha matofali. Tarehe hiyo mnaweza kuiamini. Aliihakiki kwa kadi ya kliniki, akaihakiki kwa dada yake mkubwa, na bado kila alipojaza fomu alimwuliza mama yake upya, mpaka mama akamjibu kwamba siku hiyo alikuwepo na hahitaji kukumbushwa. Alikuwa mtoto wa pili katika familia ya watoto watatu. Baba yake alikuwa mchoma matofali, na mama yake alikuwa akifua nguo za wageni wa hoteli.

Mtoto wa tatu alikuja kwa njia yake. Mnamo Agosti 1953, mwanamke aliyekuwa akifua pamoja na mama alifariki na kuacha mtoto wa kiume wa miezi minane, asiye na mtu wa kumchukua. Mama alirudi nyumbani siku hiyo na mtoto mgongoni na kapu la nguo kichwani. Akamwambia marehemu, aliyekuwa na miaka saba, "Huyu mdogo wako. Mshike, nianike nguo." Marehemu alimshika. Dada yake alikuwa akisimulia kwamba alimshika kwa mikono iliyokakamaa, jasho linamtoka, akiuliza kama kichwa cha mtoto kinaweza kuchomoka. Hakukaa chini mpaka nguo zote zilipoanikwa.

Watoto wa mtaani walisikia ya wakubwa wao, wakampa yule mdogo jina la mtoto wa bandia. Mtoto wa bandia, kama mnavyojua, ni yule wa matambara anayechezewa na wasichana. Lakini bandia pia ni kitu kisicho cha kweli, na watoto wale walijua walichokuwa wakikisema. Marehemu hakuwa mgomvi. Alikuwa akizunguka nyumba mbili ili asipite mbele ya jogoo wa jirani. Maishani mwake alipigana mara moja tu, mwaka 1958, nyuma ya kisima cha shule, na alipigana kwa sababu ya neno hilo. Alirudi shati limechanika mgongo mzima na jino la mbele limekatika pembeni. Jino mlilokuwa mkiliona kila akicheka ndilo hilo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1954 hadi 1961. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ni mwanafunzi anayemaliza mtihani wa kwanza na kukabidhi karatasi wa mwisho, kwa kuwa muda uliobaki aliutumia kupitia majibu aliyokwisha kuyapitia. Alisomea ufundi wa mashine kwa miaka miwili, kisha akashika vibarua vya hapa na pale. Tarehe 1 Aprili 1965 aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikihudumia mashine za ofisi, akawa fundi taipureta.

Kazi hiyo ilimfaa kama kiatu cha saizi yake. Alizunguka mahakama, posta, shule na ofisi za forodha, ndani ya nchi na nchi za jirani, na mkoba wa ngozi wenye bisibisi ishirini na mbili. Kila alipomaliza kutengeneza mashine, alipiga kila herufi mara tatu, akageuza karatasi kwa mwenye ofisi na kusema, "Hakiki." Makarani wakaanza kumwita Fundi Hakiki, na jina likamganda. Safarini alikuwa mzigo kwa wenzake. Basi la saa mbili asubuhi, yeye alikuwa stendi saa kumi na mbili. Ndani ya treni alifunga mkoba kwenye kifundo cha mguu kwa kamba ya kiatu, na bado aliuinamia kila kituo kuangalia kama upo. Roho yake ilikuwa juu juu, na hakujaribu kumficha mtu.

Mwaka 1974 alipelekwa kwenye ofisi ya mahakama kutengeneza mashine ya karani mmoja mpiga chapa, ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa ikinasa. Aliitengeneza kwa nusu saa. Wiki iliyofuata akarudi kuihakiki. Wiki ya tatu akarudi tena. Mara ya nne yule karani akamwambia kwamba mashine ni nzima, "a" ni nzima, na kama ana jingine alitaje, kwa sababu hakimu anasubiri hukumu zake. Marehemu akalitaja, na kwa ushuhuda wa karani huyo alilitaja akiiangalia mashine. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja. Mkewe alimzoea. Alijifunza kumwambia safari ni saa nne wakati ni saa sita, kwa sababu akijua ni saa sita angeanza kuhangaika tangu alfajiri, na akidanganywa ni saa nne angehangaika vilevile lakini kwa muda mfupi zaidi. Hesabu hiyo hakuna aliyeielewa isipokuwa yeye.

Mapenzi yake mengine yalianza mwaka 1971, kabla ya ndoa, katika soko la vitu vya kale la mji aliokuwa amekwenda kikazi. Alinunua sarafu ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu, bila kujua ni nini. Jirani yao mmoja alikuwa mwalimu wa Kiarabu. Alimfundisha tarakimu kumi nyuma ya bahasha: kwamba tano ni duara na sifuri ni nukta, wala mtu asizichanganye, kwamba nane ni kama paa la nyumba, na saba ni paa hilohilo limepinduliwa, kwa hiyo mtu aliyeshika sarafu kichwa chini anaweza kuzeesha ama kufanya changa kitu ambacho hakikumkosea. Marehemu akasoma mwaka 1255. Akajumlisha 622, akapata 1877, akafurahi. Mwalimu akamcheka. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya ofisini kwa siku kama kumi na moja, akamweleza, na siku hizo zikikusanyika kwa karne kumi na mbili zinakuwa jambo kubwa. Toa kwanza tatu katika kila mia, ndipo ujumlishe 622. Jibu likawa karibu na 1839. Marehemu alikosa raha siku mbili kwa kufikiri angeweza kuishi maisha yake yote na makosa ya miaka thelathini na minane bila kujua.

Tangu hapo kila safari ilimletea sarafu, na kila sarafu ilimletea wasiwasi. Alikuwa na utaratibu ambao hakuuruka. Aliipima kwenye mizani ndogo ya sonara. Akapima kipenyo. Akaiangusha juu ya ubao kusikiliza sauti yake, kwa sababu fedha safi hulia na risasi hunyamaza. Akaangalia ukingo kwa lenzi kama kuna mshono wa kalibu, alama kwamba imemiminwa na mjanja na si kupigwa kwa nyundo ya mfalme. Ndipo akasoma: jina la mtawala, mji ilikopigwa, mwaka. Yote yaliingia kwenye daftari. Ameacha madaftari tisa na sarafu mia mbili na kumi na nne. Mkewe aliwahi kuing'arisha moja kwa majivu na limau ili amfurahishe. Marehemu aliiangalia, akaenda kukaa nje mpaka saa ya chakula, kisha akarudi na kumshukuru kwa nia yake. Sarafu hiyo imo daftarini ikiwa na maelezo: "Imesuguliwa kwa upendo."

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2001. Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Julai, familia ilimwandalia chakula cha mchana nyumbani. Mezani walikuwa watu kumi na saba, wengine wao mko hapa. Mdogo wake, aliyekuwa fundi bomba, alikuwa amerudi siku tatu nyuma kutoka safari yake ya kwanza nje ya nchi, ambako alilaza mabomba ya hospitali kwa miezi kumi. Huko alikwenda sokoni kila Ijumaa kutafuta zawadi ya kaka yake, akipekua mabakuli ya wauza vikorokoro bila kujua kusoma hata tarakimu moja. Alikuwa ameipata. Aliitoa kwenye leso mbele ya watu wote, sarafu pana ya fedha, akaiweka kwenye kiganja cha kaka yake.

Marehemu aliisogeza dirishani na lenzi jichoni. Siku hiyo alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, kana kwamba alikuwa ameuacha wasiwasi wake pamoja na funguo za ofisi. Akawaeleza wageni kwamba katika sarafu za dola ya kale iliyoipiga ile zawadi kuna tarakimu za aina mbili. Mwaka mrefu ulioandikwa chini ni mwaka mfalme alipokalia kiti. Namba fupi ya juu ni ya miaka aliyotawala mpaka sarafu ilipopigwa. Hapa mfalme amekalia kiti mwaka 1171. Namba fupi je? Akaisoma: themanini na mbili.

"Jamani," akasema, "huyu mfalme alitawala miaka themanini na miwili?" Meza nzima ikacheka. Naye akacheka, jino lake la pembeni likaonekana, akairudisha sarafu mezani karibu na chupa ya chumvi. "Hii bandia."

Mdogo wake alitabasamu. Aliichukua sarafu, akaifunga kwenye leso, akamaliza chakula kilichokuwa kwenye sahani. Alimsifu shemeji yake kwa mapishi. Akaaga kila mtu kwa mkono, akaondoka.

Wageni walipokwisha kutawanyika, mkewe alimwuliza, "Umelisikia neno ulilolisema?"

Marehemu akasema alikuwa akiizungumzia sarafu.

"Yeye hakusikia sarafu," mkewe akamjibu.

Hapo ndipo lilipomwingia. Lakini aliamini bado kwamba sarafu ni ya kughushi, na akawa na dhiki ya mtu mkweli: atamwendeaje mdogo wake kumwomba radhi bila kuisifu sarafu, na ataisifuje akiwa haiamini? Akajipa moyo kwamba mambo yatapoa. Mdogo wake akahamia mji mwingine kwa kazi. Salamu zilizotumwa kupitia dada yao zilifika, na hazikurudi na jibu. Dada yao alipofariki mwaka 2006, ndugu hawa wawili walipeana mkono mazishini kama watu wa ofisi mbili tofauti. Mkewe alimsihi aseme neno pale pale. Alifungua kinywa, akauliza kama basi la kurudi lina nafasi.

Mnamo Novemba 2011 marehemu na mkewe walisafiri kwenda kumwona mtoto wao wa kiume, anayefanya kazi nchi ya jirani. Siku ya kurudi marehemu alinunua kwa muuza redio kuukuu mfuko mmoja wa sarafu mchanganyiko. Walifika stesheni saa tatu na nusu kabla ya treni, kama kawaida yake, akatandika gazeti kwenye benchi la chumba cha kungojea na kuanza kuzipanga. Tano kati yake zilikuwa na mwaka 1171. Akasoma namba fupi: tatu. Tisa. Themanini na moja. Themanini na tatu. Themanini na sita. Alizipanga upya, akazipindua kuhakikisha hajazishika kichwa chini. Waghushi watatu hawawezi kufanya upuuzi mmoja. Na kwa nini hakuna kumi? Kwa nini hakuna ishirini, wala hamsini?

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka wa kwanza ni 1171. Wa pili, 1172. Wa tisa ni 1179. Na mwaka unaofuata 1179 ni 1180. Walipofika hapo, wapiga sarafu waliacha kuhesabu miaka ya kiti wakaandika mkia wa mwaka wenyewe: themanini, themanini na moja, themanini na mbili. Sarafu ya mdogo wake ilikuwa ya mwaka 1182. Ilikuwa ya kweli tangu siku ilipotoka kwenye leso.

Mkewe anasema rangi ilimtoka mpaka akadhani ni presha. Akamwuliza ana nini.

"Nimemdhulumu mdogo wangu," akasema. "Sikuipima hata, mama. Mimi. Sikuipima."

Mtu angedhani kuanzia hapo mambo yangekuwa mepesi, kwa kuwa sasa alikuwa na la kusema. Yalizidi kuwa mazito. Zamani aliogopa kumwomba radhi mtu aliyeleta kitu kibovu. Sasa aliogopa kumwomba radhi mtu asiye na kosa lolote, na kila mwaka uliopita uliongeza deni la maelezo. Wiki hii, katika mtoto wa meza yake, familia imekuta barua arobaini na moja zilizopigwa kwa taipureta, zote kwa mdogo wake, hakuna hata moja yenye stempu. Nyingi zinaishia mstari wa tatu. Moja inaeleza kalenda ya Hijria kwa kurasa nne na haifiki kwenye jambo lenyewe.

Mara mbili, mwaka 2013 na mwaka 2016, alifunga safari hadi mji wa mdogo wake. Alifika mpaka ng'ambo ya karakana, akakaa kwenye benchi la duka na soda mkononi. Alimwona mdogo wake akikata hesi za kuungia mabomba, kichwa kimeshaota mvi. Soda ikaisha. Akarudi na basi la saa nane, akamwambia mkewe kwamba mdogo wake anaonekana ana afya. Mwaka 2018 alipata ujasiri wa kupiga simu. Mdogo wake alipopokea, marehemu alishikwa na kigugumizi, akajifanya mteja, akauliza mtu afanye nini bomba la jikoni likivuja. Mdogo wake akamweleza kwa upole: funga valvu, fungua kichwa cha bomba, badilisha raba. Marehemu akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba mara ya tatu. Kisha akashukuru na kukata simu, akashika tama mpaka jioni.

Machi 2021 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia ngazini. Daktari alisema moyo umetanuka. Katika miezi kumi na tisa iliyofuata alilazwa mara nne. Wodini aliwapa wauguzi kazi ya ziada, maana alisoma lebo ya kila chupa ya dripu na kuuliza tarehe yake ya mwisho. Wauguzi walimpenda, wakaanza kumsomea wenyewe kabla hajauliza. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa dripu. Aliwauliza madaktari wote swali moja, kwa namna tofauti, ili alinganishe majibu yao: amebakiwa na muda gani?

Agosti mwaka huu alimwita binti yake, ambaye ni mfamasia, akamwambia anataka wasifu wake uandikwe mapema, na ndani yake yawemo masahihisho ya sarafu ile. Binti akamwuliza kwa nini asimpigie simu baba mdogo, leo hii, akamaliza.

"Nililisema mbele ya watu," akajibu. "Siwezi kulifuta kwa simu. Lifutwe mbele ya watu walewale."

"Sasa ukingoja mazishi, Baba, utamsikia vipi akikujibu?"

"Ndiyo hofu yangu hiyo," akasema.

Binti akapata wazo. Kama ni watu walewale, wataitwa. Kati ya wale kumi na saba, mbali na ndugu wawili wenyewe, kumi na mmoja walikuwa hai, na mmoja baada ya mwingine wakakubali kuja nyumbani kwa chakula cha mchana Jumapili ya tarehe 23 Oktoba 2022. Simu ya mwisho ilikuwa ya baba mdogo. Binti alimweleza kwamba baba yake ni mgonjwa na ana neno la kusema mezani. Akajibu, "Nitakuja. Mwambie."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Marehemu aliuliza kila asubuhi kama mdogo wake amepiga simu kuahirisha. Aliuliza kama alisema "nitakuja" ama "nitajaribu kuja". Alitaka viti vihesabiwe. Alikaa kwenye taipureta yake, pumzi zikimwishia kila baada ya mstari, akaandika maneno ya kusema, akayachana, akaandika tena. Jumatano jioni aliimaliza karatasi, akaigeuza kwa mkewe. Mkewe akaisoma, akasema haina kosa. Akamwomba aisome tena.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 20 Oktoba 2022, saa kumi na moja na dakika arobaini, marehemu alikata roho nyumbani kwake, mkewe amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, miezi saba na siku kumi na moja.

Leo ndiyo ile Jumapili. Walioalikwa wote wamefika. Wamekaa safu ya pili, na maneno ya karatasi ile ni haya, kama alivyoyapiga:

"Sarafu ya fedha. Imeletwa na mdogo wangu kutoka safari yake ya kwanza. Upande mmoja, jina la mfalme. Upande wa pili, mji ilikopigwa, na mwaka wa kukalia kiti, 1171. Juu kuna 82. Niliisoma kama miaka ya utawala. Si kweli. Ni mwaka 1182, kwa kalenda yetu 1768 au 1769. Uzito: sikuupima. Kipenyo: sikukipima. Sauti: sikuisikiliza. Nilisema mbele yenu kwamba ni bandia. Nilikosea. Sarafu ni halisi. Na nilijua neno lile linamfanya nini mdogo wangu, maana nililipigania nikiwa na miaka kumi na miwili, kisha nikaja kulisema mimi. Amekuwa mdogo wangu tangu Agosti 1953. Hakuna mwaka hata mmoja ambao hakuwa. Naomba anisamehe."

Mdogo wake alifika Ijumaa, kwa basi la kwanza. Jana asubuhi alipewa rasimu ya wasifu huu jikoni, akaisoma akiwa amesimama, karibu na sinki, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyethubutu kuvuta kiti. Alipomaliza alisema kwamba yule mteja wa bomba la jikoni alimtambua tangu neno la kwanza, na kwamba alirudia maelezo mara tatu ili asikate simu. Akatoa sarafu, bado imo ndani ya leso. Alisema kwa miaka ishirini na moja hakumwonyesha mjuzi mwingine. Binti akaleta mizani ndogo akitaka kuipima.

"Acha, mwanangu," akasema. "Wa kuipima nilimtaka yeye."

Kisha akaomba kalamu. Sisi tuliouandika wasifu huu tulidhani atafuta mengi. Alirekebisha mahali pamoja tu. Sisi tulikuwa tumeandika kwamba chakula kile kilikuwa Jumapili, tarehe 8 Julai. Akaandika: Jumamosi, tarehe 7. Mkewe marehemu akatafuta kadi ya mwaliko kwenye albamu, na ni kweli, ilikuwa Jumamosi.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja na mkwe, mtoto wa kiume mmoja na mkewe, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye ndiye aliyesimama mbele yenu kuwasomea maneno haya.

Roho yake, iliyokuwa juu siku zote, na ishuke sasa, itulie, ipumzike kwa amani.